Chupa ya Kumi na Saba

Sijapata kuonja pombe maishani mwangu, hata ya kuchovya kidole, na bado kuna mwaka ambao majina ya pombe yalijaa kichwani mwangu kuliko kitu kingine chochote. Vodka, jini, ramu nyeupe, ramu nyeusi, tekila, mezkali. Nikioga, yanakuja. Nikipanda basi la kampuni kutoka Muaither tunakolala kwenda hotelini, yanakaa nami kiti kimoja. Naandika haya nikiwa bado na hasira kidogo, kwa hiyo nisameheni nikipandisha sauti.

Kabla ya hapo nilikuwa muosha vyombo katika jiko la hoteli, hapa Doha, kwa miaka miwili. Watu husikia hoteli wakadhani zulia na kiyoyozi. Sisi tulikuwa chini kabisa, penye mvuke, na dawa ya kukata mafuta ilipenya kwenye glavu hata ufanyeje. Ngozi ya vidole vyangu ilibanduka vipande vipande. Ilifika mahali nikitia udhu nauma meno, na mtu niliyelala naye chumba kimoja, Mpemba wa dobi la hoteli hiyo hiyo, akawa ananipaka mafuta ya nazi kila jioni kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kufungua kifuniko cha chupa. Tulimwita Maalim. Amehifadhi Qur'ani yote, na ndiye aliyetusalisha kwenye ile vila waliyotuweka.

Siku moja mudiri, meneja wa vinywaji, alishuka jikoni akauliza ni nani kati yetu asiyekunywa. Nilidhani ni jambo la chakula cha wafanyakazi, nikanyoosha mkono. Kumbe baa ya ghorofa ya juu ilikuwa na ugonjwa wa chupa kupungua zenyewe, na mudiri alichoka. Alitaka mtu wa kusimama nyuma ya kaunta asiye na hamu na kile anachokishika. Aliniangalia, akaangalia mikono yangu, akasema nianze Jumapili.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilifurahi kwa sababu ya mikono. Nilipomweleza Maalim, alikuwa anakunja kanzu, akaendelea kuikunja mpaka akaimaliza.

"Yakhe, wajua kuwa si kunywa tu," alisema. "Na anayemimina naye yumo dhambini."

"Najua," nikasema.

"Basi ikiwa wajua, mimi sina la kukwambia."

Na kweli hakuniambia tena. Tuliendelea kula sinia moja, yeye na mimi na wenzetu wawili wa chumbani, ila nilipotoka kazini alikuwa anangoja nioge kwanza. Iliniuma, na nikaoga.

Baa ilikuwa mikononi mwa Mkenya, mwanamke wa Nakuru mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Nilimwita Dada. Kila Ijumaa asubuhi alikwenda kanisani Mesaimeer na jioni alirudi kuuza pombe, na sikuwahi kumwona akisumbuliwa na hayo mawili. Nilimwonea wivu kwa hilo. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya rafu, mikono kiunoni.

"Sikia, hapa hakuna kubahatisha," alisema. "Mteja akisema kitu, mkono yako inafaa ikuwe kwa chupa kabla amalize kuongea. Usisome lebo. Ukisoma lebo mteja anajua wewe ni mgeni. Tumeelewana?"

Rafu zilikuwa tatu, kila moja na chupa kumi. Dada alizipanga kwa namna anavyozitumia, na mtu akisogeza chupa moja hata kwa upana wa kidole, alikuwa anajua. Rafu ya kwanza ni kali: vodka, jini, ramu mbili, tekila, mezkali, wiski tatu, brandi. Ya pili inaanza na konyaki, zinafuata vermut mbili, sheri, halafu pombe tamu tamu za kuchanganyia: kirasao ya maganda ya machungwa, maraskino ya matunda, amareto inayonukia lozi, grenadini, sambuka, ya kahawa. Ya tatu ni divai na vitu vichungu vya kutiwa kwa matone. Katika zote thelathini, grenadini peke yake ndiyo isiyo na kilevi. Ni maji ya komamanga na sukari, mekundu, ya kutia rangi. Ilikuwa chupa ya kumi na nane, imekaa jirani na amareto, kwa sababu kulikuwa na kinywaji kimoja ambamo Dada alizichanganya zote mbili na kilipendwa sana na wageni wa mikutano.

Mudiri alinipa miezi miwili ya kujifunza, kisha atanipima yeye mwenyewe. Nikishinda, nabaki. Nikishindwa, narudi kwenye sinki. Hakutisha, alisema tu, kama unavyomwambia mtu saa ya basi.

Sasa niseme juu ya yale maneno, maana yalinichosha kuliko kazi. Kwanza yameandikwa hivi na yanatamkwa vile. Kuna jina la divai ambalo herufi zake za mwisho zimekaa bure, hazisemi kitu, lakini ukizifuta kwenye daftari Dada anakwambia umekosea. Halafu maana zake. Kuna vermut kavu na divai kavu. Nilimuuliza Dada kitu cha maji kinakuwaje kikavu.

"Kavu ni haina sukari. Basi."

"Si waseme haina sukari?"

"Kwani ni mimi niliwapea jina? Andika."

Kuna divai nyepesi na divai nzito, na zote ukizipima kwa mkono ni sawasawa. Kuna divai yenye mwili. Kuna ile ambayo mgeni anaizungusha kwenye glasi, anaingiza pua, anakwambia kuna ngozi ya viatu ndani na matunda ya msituni, kisha anakuangalia wewe usiyeonja ukubali. Nikakubali. Nilikubali kila kitu, na kila nilipokubali niliona kama nimevaa shati la mtu. Ningeonja tone moja tu, wenzangu waliniambia, yote yangenikalia. Pengine. Sikuonja.

Badala yake nilifanya ninachokijua. Kwetu Tanga nilisoma chuoni, chuo cha Qur'ani, tangu nina miaka minne, na chuoni mtu hajifunzi kwa kuelewa kwanza. Anajifunza kwa sauti. Mnakaa mkekani, mnatikisika mbele na nyuma, mnasoma kwa pamoja mpaka maneno yanaacha kuwa maneno yanakuwa mwendo. Maana itakuja baadaye, au haitakuja, lakini hayatoki. Basi nilizichukua zile chupa thelathini nikazisoma hivyo hivyo. Kwa wimbo ule ule. Nilikaa kitandani, daftari magotini, nikatikisika, vodka na jini na ramu nyeupe, mpaka chupa ya thelathini, kisha tena kuanzia vodka.

Mara ya kwanza Maalim aliponisikia, alikuwa anasoma juzuu yake ya asubuhi upande wa pili wa chumba. Alinyamaza.

"Wimbo huo umeutoa wapi?" aliuliza.

Alijua nilikoutoa.

"Toka nje," alisema, bila kupaza sauti. "Tafadhali bwana. Si humu."

Nikawa nasomea kwenye ngazi. Baada ya wiki tatu ningeweza kuzisema zote thelathini kwa pumzi mbili, nikiwa nimefumba macho. Dada alinisikia akapiga makofi. Nilijiona nimemaliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nadhani ni kosa ambalo mtoto wa chuo tu angelifanya. Nilizijua zote, kwa mstari. Sikuijua hata moja peke yake. Wanaosoma kwa mwendo wanaelewa: ukimwamsha mtu usingizini ukamwambia soma sura fulani, atasoma mpaka mwisho bila kufungua macho. Lakini ukimkata katikati ukamwambia endelea kuanzia hapa, atakutolea macho. Lazima arudi mwanzo apate kasi.

Siku ya kupimwa ilikuwa alasiri, baa haijafunguliwa. Mudiri alikaa kwenye kiti kirefu kama mteja, Dada akasimama pembeni na kitambaa chake. Mudiri akasema kwa Kiingereza chake cha haraka, "Naomba amareto na maji ya limau."

Niliinua mkono. Mkono ukabaki hewani. Midomo yangu ikaanza yenyewe: vodka, jini, ramu nyeupe, ramu nyeusi. Amareto ni ya kumi na saba. Nilikuwa nasikia kiti chake kikilia. Nilipofika kwenye brandi, niliona Dada amefunika uso kwa kitambaa. Nilipofika kwenye sheri, mudiri alisema, "Unaomba dua?"

Nikapotea. Na ukipotea katikati, unajua unarudi wapi. Nikaanza tena na vodka.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alishuka kwenye kiti, akaniambia ana roho nzuri leo, ananipa wiki tatu, halafu basi. Dada alingoja mlango ufungwe.

"Aki wewe," alisema. "Si nilikuona ukizisema zote? Ulizipeleka wapi?"

"Zipo."

"Ziko wapi na mkono ilikuwa juu kama ya askari wa trafiki?"

Nilitaka kumweleza habari za chuoni nikaona atacheka, na nilikuwa sina nafasi ya kuchekwa. Siku zilizofuata alinitengenezea kadi, akanikatizia katikati ya kazi kwa kunirushia jina. Haikusaidia. Kila jina lililorushwa, kichwa changu kilikimbia mwanzo wa mstari kwenda kulichukua. Wageni walikuwa wanangoja. Kuna mmoja aliondoka. Nilijichukia, na nilizichukia zile chupa moja moja, na nikamchukia mwalimu wangu wa Tanga aliyenipiga fimbo nilipovuruga mpangilio, ambaye hakunifanyia baya lolote ila kunifundisha alivyofundishwa.

Zilibaki wiki mbili. Nilirudi vilani mchana nikakaa ukingoni mwa kitanda, viatu vikiwa bado miguuni. Maalim alikuwa zamu ya kupumzika, anapiga pasi.

"Wamekurudisha?" aliuliza.

"Bado. Wiki mbili."

Nikamweleza. Sikumweleza ili anisaidie, nilimweleza kwa sababu ndiye peke yake katika jengo lile ambaye ningeweza kumwambia "nimesoma kwa mstari" akajua nimesema nini. Alinisikiliza pasi ikiwa imesimama wima. Alipiga kidogo ulimi.

"Kwani mwalimu wako hakuwa akikukata?" aliuliza.

"Kunikata vipi?"

"Sisi tulipokuwa twahifadhi, mwalimu alikuwa akishika msahafu, anasoma nusu aya popote apendapo, wewe unaendelea. Leo huku, kesho kule, nyuma, mbele. Usipokatwa hujahifadhi. Umeimba tu."

Nikasema mimi sikuwahi kukatwa. Nikasema na wa kunikata hapa hayupo, Dada hajui namna yake. Sikumwangalia nilipolisema hilo, lakini sote wawili tulijua nimeomba.

Alichomoa waya wa pasi. Kisha alinyanyua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akaangalia vidole. Ngozi ilikuwa imesharudi, nyororo, na rangi yake ya waridi bado haijaungana na nyingine.

"Hii mikono siirudii kuipaka mafuta," alisema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeibandua. "Lakini nisikilize. Mimi siyataji majina hayo. Hata moja. Wewe utayapa namba, mimi nitataja namba, wewe utajibu. Wala usinambie kitu hicho ni nini, kinanukia nini, kinatengenezwa kwa nini. Sitaki kujua. Na si chumbani."

"Wapi?"

Alifikiri. "Mlangoni mwa choo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Chooni Qur'ani haisomwi, alisema, kwa hiyo hapo hakuna kitakachochanganyika na kitu. Na ndivyo tulivyofanya. Wiki mbili, kila mchana kabla ya basi la saa tisa, Maalim alibeba meza yake ya pasi mpaka kwenye ukumbi mwembamba mbele ya choo, akachomeka waya, akapiga pasi nguo za watu wa vila nzima, na kwa kila mpigo wa pasi akataja namba.

"Nne."

"Ramu nyeusi."

"Ishirini na mbili."

Nikianza kunong'ona kutoka mwanzo, alipiga meza kwa kitako cha pasi. "Usirudi! Hapo hapo ulipo!"

"Siwezi!"

"Waweza. Kila moja ina mlango wake, wewe wataka kuingia zote kwa mlango mmoja. Ishirini na mbili!"

Watu waliotaka choo walitupita wakiinua miguu juu ya waya. Dereva wa Mombasa, anayelala chumba cha pili, aliuliza kama tunacheza bahati nasibu. Sikuwahi kufundishwa vizuri namna ile, na sikuwahi kuudhiwa namna ile. Nilimtupia daftari siku ya tano. Aliliokota kwa ncha za vidole viwili, akanirudishia, akasema, "Kumi na moja."

Namba iliyonishinda ilikuwa kumi na saba. Pengine ni aibu ya siku ile mbele ya mudiri. Nyingine zilifunguka moja moja, lakini akisema kumi na saba, ulimi ulikuwa unaganda. Kwa hiyo aliirudia. Aliiweka baada ya kila namba nyingine. Tatu, kumi na saba. Thelathini, kumi na saba. Lazima aliisikia amareto mara mia mbili kutoka kinywani mwangu, akiwa ameinamisha kichwa juu ya mashati ya watu. Siku ya mwisho aliisema nikiwa ndani ya choo nanawa, kwa mlango uliofungwa, na nikajibu kabla maji hayajaisha mikononi.

"Haya," alisema kutoka nje. "Umehifadhi. Allah atusamehe."

Alikunja meza ya pasi, na tangu siku hiyo hakuitaja namba yoyote tena.

Mudiri alinipima Jumanne. Aliniuliza ovyo, kwa haraka, mengine akiyarudia makusudi, na mkono wangu ukafika kila mahali. Kila jina alilotaja nilisikia namba yake kwa sauti ya Kipemba na mkwaruzo wa pasi. Alipomaliza alinipa mkono. Dada alinipiga mgongoni nikakohoa.

"Huyo mwalimu wako wa baa ni nani?" aliuliza. "Nimlete hapa anifundishie hawa wengine."

Nikasema ni jamaa wa dobi. Hakuamini.

Ningetaka kusema tangu siku hiyo nilistarehe. Mikono ilipona, hiyo ni kweli. Lakini nilizidi kuchukizwa na kujua vizuri kitu nisichokitaka. Nilikuwa mwepesi kuliko wote pale, wageni walinisifu, na kila sifa ilinikumbusha ni nani aliyenifundisha na amepiga pasi wapi. Mara mbili nilianza kumshukuru Maalim, mara mbili akaniuliza kama nimeona soksi zake.

Ramadhani ilipoingia, baa ilifunikwa kwa vitambaa, kama ilivyo desturi ya hapa, na mimi nikahamishiwa kwenye futari za hotelini, kubeba masinia ya sambusa. Siku yangu ya mapumziko nilikuwa vilani. Tulifuturu kwa tende na uji, tukatandika mikeka sebuleni kwa sala ya magharibi, watu kumi na wawili hivi, Maalim mbele. Mimi nilisimama safu ya kwanza, nyuma yake kidogo kulia.

Mwezi wa Ramadhani Maalim hakupenda sura fupi fupi. Baada ya Fatiha aliingia katika Yasin, na nikafurahi, maana Yasin ninaijua tangu utotoni, kwetu hakuna hitima isiyosomwa Yasin. Sauti yake ilikuwa inakwenda vizuri. Alifika kama katikati, akavuta pumzi, na hakikutoka kitu.

Tukangoja. Hafidh hukwama, ni binadamu, lakini si yeye. Miaka yote niliyoswali nyuma yake sikuwahi kumsikia akitafuta neno. Alirudia aya aliyoimaliza, akafika pale pale, akasimama tena. Niliona mabega yake yamepanda. Nikaona kiwiko chake cha mkono wa kulia kinasogea, taratibu, mbele na nyuma, kama mtu aliyeshika pasi.

Imamu akikwama, aliye nyuma yake akiijua aya humsomea. Ndiyo desturi. Lakini mimi Yasin niliisoma kwa mstari, tangu mwanzo, na zamani ningehitaji kurudi kwenye herufi zake mbili za kwanza nikimbie nazo mpaka pale, na sala ingekuwa imeharibika. Sikurudi. Aya ilikuwa mahali pake na mlango wake. Niliisoma kwa sauti ya kumtosha yeye.

Aliipokea, akaendelea mpaka mwisho bila kutetereka.

Tulipotoa salamu, dereva wa Mombasa akamwambia, "Maalim, leo njaa imekushinda hata baada ya uji!" Wakacheka, wakaenda kumalizia chakula. Maalim alibaki anakunja mikeka. Nilishika ncha ya pili ya mkeka mkubwa.

"Kumi na saba," alisema, akiangalia mkeka.

Nilikaza ncha yangu ya mkeka.

"Nilipovuta pumzi, ikaja. Si mara ya kwanza. Huja nikiwa peke yangu, nikaifukuza, ikaenda. Leo imekuja ndani ya sala, mbele ya watu." Tulikunja mara moja, tukakunja mara ya pili. "Kitu nikikisikia hakitoki. Mama yangu alikuwa akinionea raha kwa hilo."

Niliona kuwa mimi ndiye niliyekichukua kichwa chake, kitu safi kuliko vyote katika nyumba ile, nikakitumia kuhifadhia chupa zangu ili vidole visinichubuke. Nikasema, "Nisamehe, Maalim."

"Si hilo." Aliuweka mkeka ukutani. Yeye aliyenikataza kumweleza chochote alinitazama usoni sasa. "Hiyo kumi na saba ni nini hasa?"

Nilikuwa nimeishika ile chupa usiku uliotangulia Ramadhani, nikiifunika. Naijua nguvu yake, imeandikwa kwenye lebo. Naijua harufu ya lozi inayobaki kwenye vidole mpaka nyumbani, harufu ambayo pengine aliwahi kuinusa kwangu kabla sijaoga.

"Hiyo si pombe," nikasema. "Ni maji ya komamanga na sukari. Ya kutia rangi tu."

"Wallahi?"

Tulikuwa tumetoka kwenye sala, miguu bado mitupu.

"Wallahi," nikasema.

Mabega yake yakashuka. "Komamanga," alisema, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu ule mwaka uanze nilimwona akicheka, kicheko cha kujicheka mwenyewe. Alinishika mkono, ule ule wa vidole vyenye rangi mbili, akanipeleka mpaka kwenye sinia, akasogeza watu, akanikalisha karibu naye, akanimiminia sharbati mimi kwanza.

Niliinywa yote. Maji ya komamanga ni namba kumi na nane.